Kabla Hujaanza Kumodi IST Yako, Soma Kwanza Kisa cha Kigari cha cc 848

Leo naomba tuache kidogo habari za nani kamuacha nani, tuongelee mikoko. Na si ile mikoko ya mabosi tunayoipiga picha nje ya hoteli, hapana. Naongelea vigari vyetu hivi, IST, Vitz, Starlet, Passo, vile ambavyo mtu ananunua kwa mara ya kwanza maishani halafu usiku ule ule halali, anawaza atakiongezea nini.

Hii mada imeanzia kwenye klipu ambayo najua mmeiona. Msanii mmoja wa hapa hapa mjini, jina kapuni, anatoka kwenye shoo saa nane usiku. Kigari chake kimeshushwa mpaka tumbo linalamba lami, rimu kubwa kuliko gari lenyewe, bomba la moshi linapiga makelele kama bodaboda kumi zimefungwa kamba moja. Watu wakajaa kwenye maoni, "moto", "hatari", "huyu anajua". Sasa kuna fundi ninayemfahamu aliwahi kufungua boneti ya gari lile. Aliniambia ndani ni injini ya 1.3 vilevile ilivyotoka Japani, haijaguswa hata bolti moja. Yaani pale ni sauti tupu.

Ungedhani nilicheka. Sikucheka, kwa sababu kwenye simu yangu mimi kulikuwa na orodha inayofanana na gari lile karibu kila kitu.

Ni hivi. Mwezi wa tatu nilinunua ndinga yangu ya kwanza, IST ya mwaka 2003, ya 1.3, mkononi mwa mtu. Hela ya miaka minne ya kutengeneza mabango ya harusi na kava za nyimbo za watoto wa mtaani wanaotaka kutoka. Nikabaki na milioni moja na laki nane, nikaipangia bajeti siku hiyo hiyo: rimu za inchi 17, kukata springi ili ishuke, bomba kubwa, fita ya hewa ile ya wazi, boksi la muziki kwenye buti. Nikamtumia kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ili anipe baraka zake. Huyu ndiye aliyenifundisha kuendesha, na yeye Vitz yake alishaifanyia mambo hayo hayo miaka miwili iliyopita.

Kuna kitu sijawaambia. Kaka ana chuma kwenye paja. Alikuwa anashuka mteremko barabara ya Morogoro usiku, lori likasimama ghafla mbele yake. Gari lake lilikuwa limefungwa kila kitu kinachoonekana kwa macho, ila breki zilikuwa zile zile za kiwandani, na pedi alikuwa amepanga kubadilisha mwisho wa mwezi. Vitz iliuzwa chuma chakavu. Alipoiona orodha yangu hakunijibu kwa maandishi, alipiga. Akaniambia, "Dogo, gari langu lilikuwa linaenda vizuri sana. Tatizo lilikuwa kusimama." Akakata simu.

Ndiyo nikaanza kusoma. Usiku, kwenye bando la chuo ambalo si la kwangu. Nilikuwa na swali moja tu: wale watu wa mwanzo kabisa waliochukua gari la bei chee la kubana mafuta wakalifanya likimbie, walianza na nini? Maana lazima kuna watu walianza. Na walikuwepo kweli, na kisa chao kinaanzia kwenye foleni ya mafuta.

Mwaka 1956 Misri iliutaifisha mfereji wa Suez, ikatokea vita, mfereji ukafungwa. Mafuta ya Ulaya mengi yalikuwa yanapita pale. Uingereza ikaanza kugawa petroli kwa vibali, kuanzia Desemba 1956 mpaka Mei 1957. Watu wakakimbilia vigari vidogo vya ajabu vya Kijerumani, vingine vina matairi matatu, mlango uko mbele kama friji. Bosi wa kampuni kubwa ya magari ya Uingereza, BMC, mzee Leonard Lord, alikuwa anavichukia vigari vile kuliko maelezo. Akamuita injinia wake, Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna kule Uturuki, akampa kazi ya kutengeneza gari dogo la maana, la watu wanne, na litumie injini ambayo kampuni inayo tayari.

Issigonis akafanya kitu ambacho leo kila mwenye IST anakiendesha bila kujua. Injini akailaza kwa upande, mkono wa kushoto kwenda kulia. Gia boksi akaiweka chini yake, ndani ya sampu hiyo hiyo ya oili. Matairi ya mbele ndiyo yanavuta. Matairi yenyewe ya inchi 10 tu, yamesukumwa kwenye kona nne za gari ili yasile nafasi ya abiria. Badala ya springi za chuma akaweka mpira. Gari zima lina urefu wa mita 3 na kidogo, uzito wake kama kilo 600, na sehemu kubwa ya urefu huo ni ya watu na mizigo. Likazinduliwa tarehe 26 Agosti 1959. Bei ilikuwa pauni 497 pamoja na kodi. Hiyo ndiyo Mini.

Sasa sikia hii. Magari ya majaribio yalifungwa injini ya cc 948, na yalikuwa yanakaribia maili 90 kwa saa, yaani kama kilomita 145. Wakubwa wakaogopa. Wakasema hili ni gari la familia, la mama kwenda sokoni, haliwezi kukimbia hivi. Kwa hiyo injini ikapunguzwa mpaka cc 848, nguvu za farasi 34, spidi ya mwisho kama 116. Mini ilizaliwa tayari ikiwa imepunguzwa makali kwa makusudi. Kwa hiyo mtu anayekuja kuiongezea nguvu hakuwa anaanza kutoka sifuri. Mwili wa gari ulikuwa unamudu zaidi ya ilichopewa.

Mtu huyo alikuwa John Cooper. Huyu hakuwa kijana wa mtaani mwenye spana mbili. Yeye na baba yake walikuwa na karakana pale Surbiton, nje kidogo ya London, na magari yao ya mashindano yalimpa Jack Brabham ubingwa wa dunia wa Fomula 1 mwaka 1959 na tena 1960. Karakana ndogo tu, iliyowashangaza matajiri kwa kuweka injini nyuma ya dereva. Cooper alimfahamu Issigonis, akaiendesha Mini, akaona kitu ambacho wengi hawakuona: hii takataka ya bei rahisi inakata kona kuliko magari ya michezo. Akaenda kumwambia rafiki yake kwamba tuifanyie toleo la kukimbia. Issigonis akagoma. Kwake lile lilikuwa gari la wananchi, basi. Cooper akaruka ngazi, akaenda kwa George Harriman aliyekuwa juu pale BMC, na akakubaliwa yatengenezwe magari 1,000 kwanza, waone kama yatauzika.

Hapa ndipo niliposimama kusoma nikachukua kalamu. Mini Cooper ya kwanza, iliyotoka 1961, ilibadilishwa nini?

Injini ilitoka cc 848 ikafika 997. Ila hawakuichonga tundu za pistoni zikawa pana, tena zilipunguzwa kidogo sana. Walichofanya ni kurefusha safari ya pistoni, kutoka milimita 68 mpaka 81. Kabureta zikawa mbili badala ya moja. Mgandamizo wa hewa ndani ya silinda ukapandishwa mpaka 9 kwa 1. Gia zikasogezwa karibu karibu ili injini isizubae ukibadilisha. Farasi 34 zikawa 55, ongezeko la zaidi ya asilimia 60 kwenye gari ambalo uzito wake haukubadilika sana. Na kitu cha mwisho, ambacho kiliingia kwenye oda ile ile, siku ile ile: breki za diski mbele, za inchi 7.

Angalia hapo. Mini ya kawaida ilikuwa na breki za dramu matairi yote manne. Diski kwenye gari la bei ile mwaka 1961 ilikuwa kama leo mtu akwambie Passo imekuja na breki za Subaru. Na Cooper hakuziweka baadaye hela ikibaki. Ziliuzwa pamoja na nguvu, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Kwa nini? Hesabu yake ni ya kidato cha tatu tu, ila mimi darasani sikuisikiliza. Mzigo ambao breki inaubeba haupandi sawa na spidi, unapanda kwa kipeo cha pili. Ukitoka 60 ukaenda 120 umezidisha spidi mara mbili, lakini breki inatakiwa kumeza nguvu mara nne. Nguvu yote hiyo inageuka joto. Dramu ni kama sufuria iliyofunikwa, joto halina pa kutokea, ukikanyaga mara tatu nne kwenye mteremko mrefu unaanza kuhisi pedali iko pale lakini gari haliko na wewe. Diski iko wazi, upepo unapita. Kaka yangu aliponisimulia usiku ule hakuwa anajua haya maneno, ila alichokielezea ni hicho hicho.

Na hata zile diski za inchi 7 hazikutosha, madereva wakalalamika. Kwa hiyo mwaka 1963 ilipokuja Cooper S, injini cc 1071, farasi 70, ikaja na diski kubwa zaidi, ikaja na kifaa cha kusaidia mguu kukanyaga breki, na rimu zenye matundu ili upepo ufike kwenye diski. Rimu zenye matundu, wadau, si kwa ajili ya picha. Mwaka 1964 ikaja ya cc 1275, farasi 76. Kutoka Mini ya kawaida mpaka Cooper, na kutoka Cooper mpaka Cooper S, nguvu ilipopanda kuna kitu cha kusimamisha gari kilipanda nayo.

Pembeni kulikuwa na watu wengine wanafanya yao. Kijiji kimoja kinaitwa Downton, kule Wiltshire, kulikuwa na jamaa anaitwa Daniel Richmond. Huyu utaalamu wake ulikuwa silinda hedi. Anaitoa, anachonga kwa mkono zile njia za hewa kuingia na kutoka mpaka hewa ipite bila kikwazo, anairudisha. Nje huoni kitu. Kazi yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba BMC wenyewe wakamchukua awe mshauri wao. Nimempenda sana huyu mzee, sijui kwa nini. Labda kwa sababu kazi yake yote ilikuwa kwenye sehemu ambayo hakuna mtu angeweza kuipiga picha.

Januari 1964, Monte Carlo. Mashindano ya magari milimani, barafu, usiku. Ford wamekuja na Falcon kutoka Marekani, injini V8 ya lita 4.7. Mini Cooper S ya Paddy Hopkirk ina injini ya lita 1.071. Hopkirk akashinda, Falcon ya Bo Ljungfeldt ikawa ya pili. Nisiwadanganye, kulikuwa na utaratibu wa kusawazisha alama uliowapa nafuu wenye injini ndogo, na Falcon ndiyo iliyokuwa na kasi kwenye njia nyingi. Lakini usawazishaji haukusaidii kitu kama umeingia korongoni. Kwenye kona za barafu lile gari jepesi lenye matairi kwenye kona nne, linalovutwa kwa mbele, lilikuwa linafanya vitu ambavyo Mmarekani wa V8 hakuweza. Mwaka 1965 wakarudi, Timo Mäkinen akashinda tena.

Mwaka 1966 sasa, hii ni ya kwetu kabisa wapenda udaku. Mini zikashika namba moja, mbili na tatu. Wafaransa wakazikagua masaa na masaa, wakazifungua mpaka injini wakitafuta kosa. Hawakupata. Mwisho wakasema balbu za taa za mbele hazijafuata kanuni. Balbu! Mini zote tatu zikatupwa nje, ushindi akapewa Pauli Toivonen na Citroën, gari la Kifaransa. Uingereza nzima ikawaka. 1967 Rauno Aaltonen akaenda na Mini akashinda, na taa zake zilikuwa sawasawa.

Mini za aina ile ziliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 2000, zaidi ya milioni 5.

Miaka kumi na kitu baadaye Wajerumani wakarudia kisa kile kile. Golf ilitoka 1974, gari la kawaida la kwenda kazini. Kundi dogo la wafanyakazi wa Volkswagen likaanza kutengeneza toleo la kasi chini kwa chini, bila baraka za wakubwa. Ikaonyeshwa Frankfurt 1975, ikaanza kuuzwa 1976 kwa jina la GTI. Injini ya 1.6, farasi 110, uzito kilo 810 tu. Walipanga kuuza 5,000. Ya toleo lile la kwanza peke yake zikauzwa zaidi ya 460,000. Na hii iwafikie wenzangu wa usukani wa kulia: zile GTI zilizopelekwa Uingereza zililalamikiwa breki mpaka leo wazee wanazisimulia, kwa sababu pampu ya breki ilibaki upande wa kushoto na pedali ikahamia kulia, katikati wakaunganisha kwa fimbo. Mguu unakanyaga huku, breki iko kule. Hata Mjerumani alikosea hapo.

Haya, mtasema hayo ni ya Wazungu na lami yao. Na sisi?

Sisi tulikuwa na Safari. Ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, vumbi na matope. Mwaka 1954 gari lililoshinda lilikuwa Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe, na 1962 ikashinda tena. Kigari cha wananchi kabisa. Huku kumodi gari kulikuwa na maana nyingine: unaliinua, hulishushi. Unaweka bamba la chuma chini ya injini, unaimarisha shokapu, unabeba tairi za akiba. Bingwa wa haya mambo alikuwa Joginder Singh, Singasinga wa Kenya, fundi aliyekulia kwenye gereji ya familia. Mwaka 1965 alishinda Safari na Volvo PV544 iliyotumika, gari lililokuwa la timu ya kiwanda kabla hajalipata yeye. La mtumba, wadau! Wapinzani wake walikuwa na magari mapya ya kampuni. Akashinda tena 1974 na 1976, safari hizo akiwa na Mitsubishi Lancer ya 1600, ambayo wazazi wetu waliijua kama gari la mwalimu mkuu. Watu waliomsimulia hawasifii kasi tu. Wanasifia kwamba karibu kila mwaka alifika mwisho, kwa sababu alijua kila nati ya gari lake.

Halafu inakuja Starlet, na hapa tunaingia mtaani kwetu moja kwa moja. Starlet za miaka ya 90 mmezipanda wote, nyingine ziliwahi kuwa teksi. Toyota ilitengeneza ile ile yenye tabo, ikaiita GT, na baadaye ikaja Glanza. Injini cc 1331, farasi 135. Ina kitundu cha kunyonya hewa juu ya boneti, na ina swichi ya kuchagua tabo isukume kidogo au isukume sana. Kuna kijana mmoja, naye jina kapuni, anazunguka na Starlet yenye kile kitundu juu ya boneti. Nimekichungulia. Chini yake hakuna kitu, kimebandikwa na gundi.

Kwa nini nasema hivi? Kwa sababu nimeona mafundi wa mtandaoni wanawauzia vijana tabo za bei rahisi eti "unafunga tu". Starlet ya kawaida ya injini hiyo ina mgandamizo wa 9.6 kwa 1. Toyota walipoiwekea tabo waliushusha mpaka 8.2, wakabadilisha na vitu vya ndani. Tabo inashindilia hewa. Ukishindilia hewa kwenye silinda ambayo tayari inaminya sana, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni inapigwa kama nyundo. Sasa injini ya IST yangu ya 1.3 ina mgandamizo wa 10.5. Piga hesabu mwenyewe kama ile tabo itakaa wiki ngapi. Waliotengeneza gari lenyewe waliona lazima wafungue injini mpaka chini, halafu wewe unataka kufunga kwa kamba Jumamosi mchana.

Basi, na orodha yangu. Niliifuta. Nikaenda gereji moja ya uchochoroni kwa mzee mmoja ambaye mikono yake haitoki oili hata siku ya Idi. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, unataka kufunga bomba? Inaonekana vijana wa umri wangu wanakwenda kwake kwa kitu hicho tu. Nikamwambia hapana, nataka nijue gari langu liko vipi kwanza. Akaniangalia kama nimeongea Kichina.

Alilikagua asubuhi nzima. Kitu cha kwanza alichokuta, thamostati haipo. Aliyekuwa nalo kabla yangu, au fundi wake, aliitoa na kuitupa, ule mtindo wetu wa kusema nchi ya joto haihitaji. Kumbe injini ilikuwa haifikii joto lake vizuri, kompyuta inadhani bado ni asubuhi ya baridi, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada. Mimi nilikuwa nalalamika gari la kubana mafuta halibani. Thamostati ilikuwa ya bei ndogo kuliko viatu nilivyovaa.

Pedi za mbele zilikuwa zimebaki ukucha. Diski zimeliwa, zina ukingo unaoweza kukata kidole. Dramu za nyuma, ndiyo, IST yangu nyuma ina dramu kama Mini ya 1959, zilikuwa zimejaa vumbi, upande mmoja unavuja. Oili ya breki nyeusi kama kahawa. Shokapu mbili za nyuma zimekufa. Na tairi, ambazo aliyeniuzia alizisifia kwamba "bado mpya", mzee akanionyesha ubavuni tarakimu nne: 3213. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 32 ya mwaka 2013. Kashata zake kweli bado zilikuwa ndefu, lakini mpira wenyewe umeshakuwa kama soli ya kiatu cha jeshi. Nyie mnaonunua tairi za mtumba, nendeni mkachungulie sasa hivi, nawasubiri.

Milioni moja na laki nane yangu ilikwenda hivi: diski na pedi, matengenezo ya dramu na oili mpya ya breki, tairi nne mpya za saizi ya kiwandani, shokapu, thamostati, plagi, oili ya gia boksi, fita ya hewa ya kawaida tu. Ikabaki elfu sitini. Boksi la muziki nililokuwa nimeshalipia nusu nilimuuzia mshkaji, maana lile peke yake lilikuwa na uzito wa mtu mzima, na baada ya kusoma habari za Mini na Golf nimeshakuwa mchoyo wa kilo. Gari haliwezi kupigwa picha. Ukiliegesha pembeni ya la yule msanii wa klipu utadhani ni la mwalimu. Ila nikikanyaga mafuta linaondoka kwa namna ambayo halikuwa linaondoka, bila farasi hata mmoja wa nyongeza, ni wale wa kiwandani tu waliokuwa wamelala.

Jumapili nilimfuata kaka nyumbani kwake. Tangu ajali hakuwahi kukaa kiti cha mbele, kwenye daladala anakaa nyuma, kwenye gari la mtu anakaa nyuma. Alizunguka IST mara moja, akainama kwa shida kuchungulia diski kupitia katikati ya rimu, akafungua mlango wa mbele akakaa. Tukaenda barabara moja mpya kule pembeni ambayo bado haina magari. Nikafika 80. Akasema, "Kanyaga." Nikakanyaga. Gari likasimama limenyooka, mkanda ukatubana wote wawili. Alikaa kimya kidogo, mkono uko kwenye paja lile.

"Rudia," akasema. Nikarudia. Mara ya tatu hakusema kitu, akanyoosha mkono akawasha redio.

Haya wadau, mpango wangu wa mwakani ni kuitoa hii 1.3 nitafute injini ya 1.5 ya IST ile ile, lakini mzee wa gereji anasema nisiwaze hilo kabla sijazipeleka breki za nyuma mbele zaidi ya hapa. Kuna aliyewahi kubadilisha? Gia boksi ulibaki nayo ile ile au ulichukua na yake? Na wenye Starlet GT za kweli, si za gundi, tupieni picha za chini ya boneti hapo kwenye maoni. Za juu tumeziona za kutosha.